Kikulacho ki Nguoni Mwako: Homa ya Mafua na Ulinzi wa Mwili

"Ni mafua tu, yatapita." Maneno haya husemwa kila siku katika nyumba za mwambao, tangu Kunduchi hadi Mlingotini, tangu Bagamoyo mjini hadi Saadani, na ng'ambo ya pili kule Unguja. Mara nyingi msemaji hakosei. Siku tatu nne hupita, kikohozi hupungua, na mtoto hurudi kucheza ufukweni. Lakini yapo mafua ya kawaida, na ipo homa ya mafua, ambayo waganga huiita influenza. Hii ya pili huanza ghafla kwa homa kali, maumivu ya viungo na uchovu unaomlaza mtu mwenye nguvu zake. Wengi hupona. Wachache huzidiwa, na miongoni mwao wamo watoto wadogo na vijana ambao juzi tu walikuwa wazima wa afya. Swali tunalopenda kulijadili leo ni hili: kwa nini hao?

Historia inatupa pa kuanzia. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika, homa ya mafua ilizunguka dunia nzima, na yakadiriwa kuwa iliua watu wapatao milioni 50. Afrika Mashariki haikusalimika. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita: Waingereza walikwisha kuiteka Bagamoyo mwezi wa Agosti 1916, na maelfu ya wanaume walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Baadhi ya askari na wapagazi wake waliookoka risasi waliuawa na homa hiyo baada ya bunduki kunyamaza. Katika Tanganyika nzima, wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa walifikia makumi ya maelfu.

Jambo lililowashangaza waganga wa wakati ule ni umri wa marehemu. Kwa desturi homa ya mafua huwachukua zaidi watoto wachanga na wazee. Mwaka huo iliwachukua pia, tena kwa wingi, watu wa miaka 20 hadi 40, yaani wenye kulima, kuvua na kulea.

Ilipita miaka mingi kabla wataalamu hawajapata njia ya kulichunguza jambo hilo. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani walifaulu kuviunda upya virusi vya mwaka 1918, wakifuata vinasaba vilivyopatikana katika mapafu ya watu waliokufa kwa maradhi hayo, mmoja wao akiwa mwanamke aliyezikwa katika ardhi ya barafu ya Alaska. Mwaka 2007, watafiti nchini Kanada walieleza yaliyowapata kima walioambukizwa virusi hivyo katika maabara. Mapafu ya wanyama hao yaliharibika upesi, na sehemu kubwa ya uharibifu ilitokana na ulinzi wa miili yao wenyewe uliokosa kiasi.

Yafaa kueleza maana yake. Mwili una askari wake, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Adui akiingia, chembechembe hizo hupigiana mbiu kwa kemikali maalumu. Mbiu ikipigwa kwa kiasi, adui hushindwa na askari hurejea kambini. Ikipigwa bila kukoma, askari humiminika mapafuni, mishipa midogo ya damu huvuja, na vifuko vya hewa hujaa maji. Mgonjwa huzama hali yu nchi kavu. Ndipo yanapotimia maneno ya wahenga kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo tusidhani kuwa kinga yenye nguvu ndiyo adui. Mara nyingi ghasia ya mwisho hutokana na uzembe wa mwanzo. Mwaka 1957, wataalamu wawili waliokuwa wakichunguza virusi vya homa ya mafua mjini London waligundua kemikali waliyoiita interferoni. Hiyo ndiyo mlinzi wa zamu ya kwanza: huzionya chembe za mwili zifunge milango kabla virusi havijazaliana. Mlinzi huyo akichelewa, virusi huongezeka mno, na jeshi linapoamka hukuta mji umekwisha kujaa maadui, nalo hupiga bila kuchagua.

Ushahidi wa jambo hilo umetoka kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2015, watafiti walieleza habari za mtoto wa kike nchini Ufaransa aliyekaribia kufa kwa homa ya mafua akiwa na umri wa miaka miwili na nusu. Alikuwa amerithi kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na kwa sababu hiyo mwili wake haukuweza kutoa interferoni ya kutosha. Mwaka 2022 ikaonekana kuwa kati ya wagonjwa mahututi wa homa hiyo wenye umri chini ya miaka 70, kiasi cha 5 katika kila 100 walikuwa na kingamwili zilizokuwa zikiishambulia interferoni yao wenyewe. Watu kama hao huonekana wazima mpaka siku virusi vinapobisha hodi.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Mwili uliokwisha kupambana na virusi fulani huvikumbuka, navyo vikirudi huvipokea kwa silaha zilizo tayari. Homa mpya ya mafua ilipoenea duniani mwaka 2009, wazee wengi waliepuka makali yake kwa kuwa ujanani mwao walikutana na virusi vya ukoo ule ule. Vijana hawakuwa na bahati hiyo. Katika kila vifo 100 vilivyokadiriwa, kama 80 vilikuwa vya watu wa chini ya miaka 65.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, habari za Samoa katika bahari ya Pasifiki ni funzo. Tarehe 7 Novemba 1918, meli iitwayo Talune, iliyotoka New Zealand, ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, ikiwa na wagonjwa. Katika muda mfupi alikufa karibu mtu mmoja katika kila watano. Wengi wao miili yao haikuwa na kumbukumbu ya adui huyo, nao waliugua kwa mpigo hata akakosekana wa kumpa mwenziwe maji. Samoa ya jirani, iliyokuwa chini ya Marekani, ilizuia vyombo kuingia bila karantini, na haikupoteza mtu hata mmoja kwa homa hiyo. Visiwa vyetu havikutengwa na dunia kama vile vya wakati ule, wala hatudai bandari zifungwe. Tunasema tu kwamba bahari si ukuta, na taarifa ya wagonjwa inapaswa kufika kabla ya chombo.

Tena kuna kichomi, yaani nimonia. Uchunguzi wa mwaka 2008 wa mapafu yaliyohifadhiwa tangu 1918 ulionyesha kuwa wengi wa waliokufa walimalizwa na bakteria walioingia katika mapafu yaliyokwisha kubomolewa na virusi. Hapa ndipo ilipo faraja, kwa sababu bakteria wana dawa, na tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania Bara huchanjwa dhidi ya mmoja wa bakteria wakubwa wa kichomi.

Je, sisi tunasimama wapi? Mwaka 2008, watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 62 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama 10 tu katika kila 100. Mazoea ya kuita kila homa malaria yamewachelewesha wengi.

Tunayo pia hazina ya elimu mlangoni petu. Kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara kilichoko Bagamoyo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Katika majaribio ya chanjo nyingine ya malaria, yaliyotangazwa mwaka 2018, watu wazima wa Bagamoyo walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa dozi kama hiyo. Funzo lake ni kubwa: kinga ya mwili hulelewa na mahali mtu anapoishi. Hatuwezi kuazima majibu ya Ulaya kuhusu homa ya mafua tukadhani yatawatosha watoto wa Kaole na Nungwi.

Kwa hiyo tunatoa rai. Zahanati za mwambao na visiwani zisiridhike na kipimo cha malaria peke yake, bali muuguzi ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni onyo. Mtoto ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayepata degedege au anayelegea asingoje kesho. Vivyo hivyo kijana aliyeanza kupata nafuu kisha homa ikamrudia na pumzi kumbana. Wazazi wasiwape watoto wenye homa ya mafua aspirini, kwani yaweza kuwadhuru.

Wakuu wa shule na manahodha watoe taarifa mara waonapo watu wengi wakiugua pamoja. Serikali nayo itafakari kuwapatia chanjo ya homa ya mafua wajawazito na watumishi wa afya. Mama aliyechanjwa humwachia mwanawe kinga katika miezi 6 ya kwanza, wakati ambapo mtoto mwenyewe hawezi bado kuchanjwa, na mlinzi wake wa zamu ya kwanza angali anajifunza kazi.