Kuhamisha kompyuta iliyo ndani ya kompyuta bila kupoteza daftari la waumini



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta zetu za zamani hazina. Ndiyo maana ofisi yetu ikaamua kuhamia Linux. Barua, ripoti na mahubiri vilihama kwa siku moja. Kilichotunyima usingizi ni daftari la waumini.

Daftari hilo, pamoja na hesabu za mhazini, limo ndani ya programu ya zamani inayokubali Windows 7 tu, na aliyeitengeneza hayupo tena mjini. Kwa hiyo tulikuwa tumeiweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu: ina diski yake na kadi yake ya mtandao, lakini yote yamo ndani ya kompyuta ya kawaida. (Mama mmoja wa ofisi aliniuliza kama "pepe" ni ndugu ya mapepo. Hapana, mama.) Mashine hiyo iliendeshwa na Hyper-V, ambayo ni sehemu ya Windows na haifanyi kazi juu ya Linux. Fundi wetu alikuwa ameshachomeka flashi ya Linux nilipomwomba asubiri. Kama angeendelea, mchumba anayekuja kuomba cheti cha ubatizo kabla ya ndoa tungemjibu nini?

Diski ya mashine pepe ni faili moja kubwa, na faili huweza kubebwa. Lakini matayarisho yafanyike wakati Windows ya zamani bado inawaka. Kwanza, zima Windows 7 iliyo ndani kabisa, isiwe imelazwa usingizi, kwa maana hali ya usingizi ya Hyper-V haisomwi na programu nyingine. Pili, tazama kama kuna picha za akiba zilizopigwa zamani. Hyper-V huandika mabadiliko yanayofuata katika faili za pembeni zenye mwisho wa .avhdx. Ukibeba faili kuu ya .vhdx peke yake, unabeba daftari la siku ile picha ilipopigwa. Wote waliobatizwa baadaye hawamo. Futa picha hizo ndani ya Hyper-V yenyewe, usizifute kwa mkono kwenye folda, nayo itaunganisha kila kitu katika faili moja.

Kisha nakili faili kwenye diski ya nje. Diski ikiwa ya muundo wa FAT32 itakataa, kwa sababu haipokei faili inayofikia GB 4. Tumia exFAT au NTFS. Nakala iwe mbili, katika diski mbili.

Upande wa Linux tulichagua KVM, inayosimamiwa kwa dirisha la virt-manager. Yenyewe hupenda diski za aina ya qcow2, na amri ya kugeuza ni hii:

qemu-img convert -p -f vhdx -O qcow2 daftari.vhdx daftari.qcow2

Amri haigusi faili ya zamani, inaandika mpya. Umeme ukikatika katikati, kama unavyojua kwetu, futa ile mpya iliyokatika na uanze tena.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ndani ya virt-manager unachagua kuingiza diski iliyopo, unawasha, na Windows inaonyesha skrini ya bluu. Mtu hudhani diski imeharibika. Mara nyingi diski ni nzima. Ni vifaa vinavyoizunguka vilivyobadilika. Virt-manager huweza kuiunganisha kwa njia ya virtio, ambayo ni ya kasi, lakini Windows 7 haina kiendeshi chake, ile programu ndogo ya kuongea na diski. Badilisha njia iwe IDE kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Tena, mashine ya kizazi cha kwanza cha Hyper-V, kama yetu, huanza kwa BIOS. Ukiichagulia UEFI haitaweza kuwaka kutoka kwenye diski hiyo.

Windows itaona kadi mpya ya mtandao na huenda ikadai tena namba ya leseni, basi iwe karibu. Sisi tuliondoa kadi hiyo kabisa: Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu Januari 2020, na daftari la waumini halina haja ya intaneti.

Kuwaka tu hakutoshi. Mhazini alilinganisha jumla za mwisho na kitabu cha karatasi, katibu akatafuta ubatizo wa karibuni zaidi na kuchapisha cheti chake. Vilipopatana, ndipo fundi aliporudisha flashi yake na kuifuta Windows. Zile nakala mbili za .vhdx bado zimo kabatini, moja kwangu na nyingine kwa mhazini.