Viza ya Schengen: dosie nene haitoshi, karatasi zote zinapaswa kusema jambo moja

Kwa Mcongomani anayetaka kufika Bruxelles, Paris ao Roma, safari haianzi uwanja wa ndege wa Ndjili. Inaanza mezani, mbele ya rundo la karatasi: paspoti, barua ya kazi, karatasi za banki, bima, barua ya mwenyeji. Kuna wanaozikusanya kwa miezi, wanalipa euro 90, halafu wanarudishiwa paspoti bila viza, pamoja na fomu yenye visanduku vilivyotiwa alama. Pesa hairudi. Swali wanalobaki nalo ni moja: karatasi gani ilikosekana?

Inawezekana hakuna hata moja iliyokosekana. Sheria inayoongoza viza za muda mfupi, yaani Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya namba 810 ya mwaka 2009, haimwambii afisa wa ubalozi ahesabu karatasi tu. Inamtaka apate majibu: mtu huyu anakwenda kufanya nini, ataishi kwa pesa gani, na je, ataondoka kabla viza yake haijaisha? Swali la mwisho ndilo gumu, maana hakuna ofisi yoyote, Kinshasa ao Lubumbashi, inayotoa cheti cha kurudi nyumbani. Jibu lake linapaswa kuonekana katika dosie nzima.

Masharti ya msingi

Eneo la Schengen lina nchi 29. Ubelgiji, Ufaransa, Italia na Ujerumani zimo. Uswisi na Norway pia zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, na kila moja inataka viza yake. Viza ya Schengen inamruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Haimpi ruhusa ya kuhamia huko.

Paspoti inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na ibaki halali miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari inapaswa kufikia angalau euro 30,000 na kufanya kazi katika nchi zote za Schengen. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024. Watoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 wanalipiwa euro 45, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Pale ambapo dosie inapokelewa na kampuni kwa niaba ya ubalozi, kampuni hiyo inaongeza malipo yake.

Ombi linaweza kuwekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 15, lakini ubalozi unaweza kurefusha hadi siku 45 kama unataka kuchunguza zaidi. Anayeomba wiki tatu kabla ya harusi ya ndugu yake hajavunja sheria, ila amejiweka katika hatari ya kukosa harusi.

Ombi linapelekwa kwa nchi ambako msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Kama siku ni sawa, ni ile atakayoingia kwanza. Kuomba kwa nchi inayosemekana kuwa rahisi, huku barua ya mwenyeji inatoka nchi nyingine, ni kuanza safari kwa maneno mawili yasiyopatana.

Swali la kurudi

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekwenda Anvers kutafuta magari ya kununua. Dosie yake inakuwa na nguvu kama namba yake ya RCCM, malipo yake ya kodi, karatasi za banki za miezi ya karibuni na barua ya muuzaji wa Anvers vyote vinaonyesha biashara ile ile. Akaunti iliyokuwa tupu miezi miwili, kisha ikapokea dola elfu tano siku nne kabla ya ombi, inamfanya afisa ajiulize pesa hiyo ni ya nani. Dola mia saba zinazoingia kila mwezi kutoka kazi inayojulikana zinaeleweka haraka zaidi.

Mama wa Bukavu anayekwenda Liège kumwona binti yake aliyejifungua hana RCCM. Yeye anaonyesha vifungo vingine: mume, watoto wanaobaki, nyumba, shamba, kazi kama anayo na barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Binti anaweza kusaini karatasi ya kubeba gharama za mgeni, ile inayojulikana kama “prise en charge”. Katika Ubelgiji karatasi hiyo inapita komine anakoishi mwenyeji, na anayesaini anajifunga kisheria: mgeni akikosa kurudi, gharama zinaweza kumfuata yeye. Kwa hiyo si karatasi ya kumwomba mtu yeyote mliyekutana naye kanisani.

Ubelgiji unahesabu kwamba mgeni anayelala kwa ndugu anahitaji euro 45 kwa siku, na anayelala hotelini euro 95. Ufaransa unataka euro 32.50 kwa siku kwa anayepokelewa nyumbani na kuwa na hati ya mapokezi kutoka meya, euro 65 kwa mwenye hoteli, na euro 120 kwa asiye na hoteli iliyolipwa. Kabla ya kujaza tarehe kwenye fomu, msafiri afanye hesabu hiyo. Siku 60 zikiombwa na mtu mwenye pesa ya siku 12, fomu yenyewe inamkana.

Kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja ao bila mzazi, inatakiwa ruhusa ya wazazi wote wawili ao ya mlezi anayetambuliwa na sheria.

Komisionere na karatasi ya uongo

Hapa ndipo wanapoingia makomisionere wanaoahidi viza “ya uhakika”. Hakuna mtu nje ya ubalozi mwenye uwezo huo. Anachoweza kuuza ni barua ya kazi ya kampuni isiyokuwepo, karatasi ya banki iliyotengenezwa kwa kompyuta, ao hoteli iliyowekwa leo na kufutwa kesho. Karatasi ya uongo ni sababu ya kukataliwa inayojitegemea katika sheria. Hata kama karatasi nyingine kumi ni za kweli, hiyo moja inatosha.

Hasara haimaliziki siku hiyo. Maombi, alama za vidole na majibu vinawekwa katika mfumo wa pamoja unaoitwa VIS, na vinabaki humo miaka mitano. Aliyekataliwa na nchi moja Kinshasa akienda kuomba kwa nchi nyingine ya Schengen, afisa wa pili anaona kilichotokea kwa wa kwanza. Komisionere amekwisha kula pesa yake. Jina lililobaki kwenye mfumo ni la msafiri.

Wa Goma na Bukavu

Kwa wakaaji wa mashariki mzigo ni mkubwa zaidi. Kutoka Goma ao Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na anayeomba mara ya kwanza hawezi kutuma mtu, kwa sababu anapaswa kutoa alama zake za vidole mwenyewe. Alama hizo zinaweza kutumika tena kwa miezi 59.

Mji wa Goma ulipochukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, banki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Bukavu ulifuata Februari. Mtu aliyekuwa na akaunti safi akajikuta hana namna ya kupata hata karatasi ya banki yenye muhuri. Kwa mtu wa namna hiyo, barua fupi inayoeleza hali yake, pamoja na karatasi za mshahara, rekodi za pesa kwa simu ao “prise en charge” ya mwenyeji, ni bora kuliko kuacha pengo bila maneno. Haimhakikishii viza, lakini afisa anajua kwa nini karatasi haipo.

Wengine wanafikiria kuvuka na kuomba Kigali. Sheria inasema ombi linapelekwa katika nchi ambako mtu anaishi kihalali. Anayekuwepo mahali kihalali bila kuwa mkaaji anaweza kupokelewa, kwa sharti aeleze kwa nini hakuomba kwao, na ubalozi ukubali sababu hiyo. Ni vizuri kuuliza kabla ya kulipa hoteli.

Hata anayepita tu

Kuna sharti moja linalowashangaza wengi wakiwa tayari wamekata tikiti. DRC imo katika orodha ya nchi ambazo raia wao wanahitaji viza ya kupita uwanja wa ndege, hata kama hawatoki nje kubadilisha ndege Paris, Bruxelles ao Frankfurt. Anayekuwa na viza halali ya Marekani, Kanada ao Japani amesamehewa. Lakini Mcongomani anayekwenda nchi nyingine kupitia Ulaya anaweza kuzuiwa tangu Ndjili. Anayepitia Addis Ababa ao Istanbul haguswi na sharti hili la Schengen.

Viza si ruhusa ya mwisho

Aliyepata viza aisome kabla ya kufurahi. Tarehe za mwanzo na mwisho zinaonyesha kipindi ambacho viza inaweza kutumika. Hesabu ya siku za kukaa imeandikwa pembeni. Viza inaweza kuwa halali kwa siku 45 na kuruhusu kukaa siku 30 tu. Pia inaonyesha kama ni ya kuingia mara moja ao mara nyingi.

Mpakani, polisi wa Ulaya ana haki ya kuuliza tena maswali yale yale na kumkatalia mtu kuingia hata akiwa na viza. Kwa hiyo nakala za bima, mwaliko, pesa na tikiti ya kurudi zibaki kwenye begi la mkononi. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 eneo la Schengen lilianza kuweka mfumo wa EES, unaoandika kwa kompyuta kila kuingia na kutoka badala ya muhuri. Siku moja ya ziada inaonekana.

Anayerudi kwa wakati anajijengea jina. Kanuni inaruhusu aliyetumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili kupewa viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, hadi mitano, kama hali yake haijabadilika.

Na aliyekataliwa asitupe fomu. Sababu zimetiwa alama humo, na ana haki ya kukata rufaa katika nchi iliyomkatalia. Kwa Ubelgiji muda ni siku 30 mbele ya baraza linaloshughulikia kesi za wageni. Kuomba upya pia kunawezekana. Lakini kama kisanduku kilichotiwa alama kinasema lengo la safari halikueleweka, kuongeza muhuri wa noteri kwenye karatasi zile zile hakubadilishi kitu. Kinachotakiwa ni kueleza safari vizuri zaidi.