Land Rover Kuukuu na Umeme Uliokosa Njia ya Kurudi

Ni usiku, na mbele yako barabarani kuna Land Rover kuukuu. Taa zake ndogo za nyuma zinawaka zote mbili. Dereva anakanyaga breki: ya kulia inakolea wekundu inavyopaswa, ya kushoto inazimika kabisa. Akiachia breki, inawaka tena. Gereji ya kwanza itambadilishia balbu, ya pili itambadilishia swichi ya breki, na ya tatu itamshauri nyaya zote zifumuliwe zifungwe upya. Kumbe balbu ni nzima, swichi ni nzima, na nyaya hazina neno. Kilichokufa ni athi.

Umeme wa gari hutoka kwenye betri, hupita kwenye waya hadi kwenye balbu, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Waya wa kwenda unaonekana. Wa kurudi mara nyingi haupo, kwa sababu bodi na chesisi ndizo zinazofanya kazi hiyo, na hapo ndipo mafundi wanaposema athi. Balbu ya nyuma ina filamenti mbili zinazotumia athi moja: ya wati 5 kwa taa ndogo, ya wati 21 kwa breki. Athi ikikatika, mkondo uliopita kwenye filamenti ndogo hauishii hapo. Huingia filamenti ya breki kinyumenyume, hufuata waya wa breki hadi taa ya upande wa pili, na kurudi kwa athi ya huko.

Njia hiyo ya panya haimpi dereva dalili yoyote. Filamenti ya wati 5 ikishapata moto huwa na ukinzani wa omu 29 hivi, na ya wati 21 huwa na omu 7. Isitoshe, filamenti iliyopoa ina takriban sehemu moja tu ya kumi ya ukinzani ilio nao ikiwaka. Kwa hiyo karibu volti zote huishia kwenye filamenti ndogo, nayo huwaka kana kwamba gari halina kasoro. Breki ikikanyagwa, waya wa breki nao hupata volti 12. Sasa balbu inasukumwa kutoka pande zote mbili kwa nguvu sawa, na mkondo hauna pa kutokea. Taa inazimika.

Kwa nini athi za Land Rover hufa sana? Gari hili lilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi huo ndio uliozifanya bodi nyingi za Land Rover 109 na Defender zidumu miongo kadhaa bila kutoboka. Lakini alumini na chuma vikigusana penye unyevu, hasa unyevu wa chumvi, pale pale huzaliwa betri ndogo: alumini hupoteza elektroni na kulika polepole. Kinachobaki ni unga mweupe wenye oksidi ya alumini, nao haupitishi umeme. Fungua skrubu inayoshika athi ya taa kwenye gari lililoishi Tanga au Mombasa, na huenda ukaukuta unga huo umejikusanya chini ya kichwa cha skrubu, juu yake kukiwa na rangi aliyopuliza fundi wa bodi bila kujali kilichopo chini. Bara nako, barabara za changarawe zenye mikunjo hutikisa gari kutwa nzima hadi nati zinalegea na nyaya zinasuguana na chesisi.

Dawa ya athi ni rahisi: fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza kwa bolti safi, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Kazi ngumu ni kujua athi ipi ndiyo mbovu, na hapa watu wengi hupotezwa na kipimo chenyewe.

Mita ikiwekwa kwenye kipimo cha omu hupitisha mkondo mdogo mno. Kebo iliyobakiza uzi mmoja mzima kati ya nyuzi zake nyingi itaonekana kamili. Stata nayo, kwenye injini ya dizeli, huweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kanuni iliyotolewa na Georg Ohm mwaka 1827 inatosha kutupa jibu: ukinzani wa omu 0.01, ambao mita nyingi za kawaida haziwezi kuusoma vizuri, ukipitiwa na ampea 200 hula volti 2. Volti hizo hugeuka joto la wati 400, lote kwenye bolti moja. Ndiyo sababu kiungo kibovu huunguza kidole baada ya kupiga stata mara mbili tatu.

Kwa hiyo pima volti wakati mzigo unafanya kazi. Weka mkono mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye injini, kisha mtu apige stata. Athi nzima haizidi volti 0.3 hivi. Ukisoma 1.5, usinunue betri wala stata. Safisha athi ya injini au ubadilishe kebo yake. Kwa taa iliyozimika ni vivyo hivyo: washa, kisha pima kati ya kikombe cha balbu na kichwa hasi. Ukipata volti nyingi hapo, umeme unakwama wakati wa kurudi.

Taa kubwa zenye mwanga hafifu hupimwa upande wa kwenda pia. Katika Land Rover nyingi za zamani mkondo wote wa taa hizo, karibu ampea 10, hupita ndani ya swichi ya dereva. Balbu ya filamenti haisamehe: ikipata volti 10.5 badala ya 12, hupoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Rilei moja iliyofungwa karibu na betri, pamoja na fyuzi yake, huipunguzia swichi mzigo na kurudisha mwanga.

Betri inayokufa gari likiwa limeegeshwa hutafutwa kwa ampea. Zima kila kitu, fungua kebo hasi, na unganisha mita kati ya kebo na betri. Usipige stata mita ikiwa hapo. Gari lisilo na kompyuta halipaswi kuvuta karibu chochote. Likivuta nusu ampea, betri ya ampea-saa 70 itakauka kwa muda usiofika siku 6. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Isiposhuka, chomoa nyaya za alteneta, kwa maana dayodi zake zikifa huvujisha umeme.

Kufuata waya si kubahatisha pia. Land Rover za enzi hizo zilitumia rangi za Kiingereza: mweusi ni athi, kahawia hutoka betri bila kupitia swichi, mweupe hupata umeme ufunguo ukifunguliwa, na kijani ni huo huo baada ya fyuzi. Kwenye Land Cruiser, mweupe wenye mstari mweusi ndio athi. Gari likishapitia mikono ya mafundi wengi, rangi hizo ziamini baada ya kupima.

Na fyuzi ikikatika, usiizungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi iliwekwa ikatike kabla waya haujayeyuka. Ukiifunga kwa karatasi, waya ndio unaogeuka fyuzi, na uko karibu na mafuta. Kabla ya kushika chochote, fungua kwanza kebo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na uikague kwa macho kama ni hasi au chanya, kwani Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilitoka kiwandani chanya ndiyo ikiwa athi. Kisha mwambie fundi wako akuoneshe namba kwenye mita kabla hajakutuma dukani. Asiyeweza kukuonesha namba anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.