Baridi Inamuumiza, Mimi Inanilisha: Safari Yetu ya Kutafuta Joto la Kusini

Msomaji wangu, hebu nikuulize. Wewe na mwenzio mliwahi kukaa chini mkajadili mnataka kuishi wapi, au mliishia tu pale kazi ilipowakuta? Wengi wetu tunapanga harusi miezi sita mizima, kamati, sare, keki, ukumbi, lakini mahali pa kuishi tunapaacha pajipange penyewe. Mimi na mume wangu tulikuwa hivyo hivyo, mpaka ilipofika Julai ya kwanza ya ndoa yetu.

Tulikuwa Njombe mjini. Kama hujafika, huo ni mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mimi nimezaliwa huko, baridi kwangu si habari. Tena ndiyo iliyokuwa ikinilisha! Nilikuwa na mashine ya kufumia masweta, na kila shule ikikaribia kufunguliwa oda zilikuwa zinanizidi. Mume wangu ni mtu wa Musoma, fundi simu, mcheshi, mpole, na ana sikoseli.

Hakunificha. Aliniambia mapema, kabla hata hajaja kujitambulisha nyumbani. Tukaenda kupima wote wawili. Ugonjwa huu unarithiwa, na mtoto huugua akipata kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mimi nilikutwa sina, kwa hiyo watoto wetu watabeba kinasaba kimoja cha baba yao lakini hawataugua. Tulifurahi mno siku ile, tukadhani tumemaliza kila kitu.

Usiku ule

Julai ile niliamshwa saa nane za usiku na sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mwanaume mzima amejikunja kama mtoto, anauma shuka, anasema mifupa inavunjika. Nilimfunika mablanketi mawili, nikachemsha maji, nikamkanda miguu huku nalia. Alfajiri tukaenda hospitali. Msimu ule wa baridi alilazwa mara tatu.

Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi. Chembe nyekundu za damu za mtu wa sikoseli hugeuka umbo, zinapinda kama mundu na kuwa ngumu. Baridi ikibana mishipa, zinakwama humo, damu haipiti vizuri, ndipo maumivu yanapoanza. Akamalizia: "Mkipata namna, tafuteni sehemu ya joto."

Mkipata namna! Nilitoka pale nimenyamaza. Mashine yangu nilikuwa bado nailipia mkopo wa vikoba. Nani kwenye joto atanunua sweta?

Nakiri mbele yako, nilianza visababu. Tusubiri Januari. Tuweke dari. Tununue jiko lingine. Mume wangu hakunibishia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Siku moja nikamkuta anapiga hesabu za mafuta ya taa na vidonge nyuma ya risiti ya mteja, nikaona aibu. Nikachukua daftari, nikachora mistari mitano: joto, hospitali, kazi yake, kazi yangu, umbali wa kwa mama. Nikamwambia, "Haya baba, tuanze."

Mtauliza, kwa nini si Musoma kwao? Wazazi wake wametangulia mbele za haki, na kilichobaki ni nyumba ya ukoo yenye ugomvi. Hakutaka kunipeleka kwenye kesi.

Kyela, Mbamba Bay, Mtwara

Tulianza na Kyela, kwa sababu ni karibu na kwa mama. Jamani, Kyela ni tamu! Mchele unanukia mpaka barabarani, kuna kakao, kuna Ziwa Nyasa na ufukwe wa Matema. Lakini mvua za huko si za mchezo, mabonde yanajaa maji na mbu wanajaa nayo. Halafu kesi ikiwa nzito, hospitali ya rufaa ni Mbeya, na njia inapanda kupitia Tukuyu, kwenye ukungu na baridi ile ile tunayoikimbia.

Mwezi uliofuata tukaenda Mbamba Bay. Nilipapenda kuliko kote, sikufichi. Ziwa limetulia, mawe makubwa, dagaa wameanikwa, watu wanakusalimia kama wanakujua. Mume wangu alikaa ufukweni jioni nzima bila soksi. Lakini tulipofungua daftari, mambo yakabadilika. Mji mdogo, wateja wa simu wachache, na mgonjwa akizidiwa anapandishwa Songea, kupitia milima ya Mbinga. Tulirudi kimya ndani ya basi.

Safari ya tatu tulishuka na barabara ya Songea, Tunduru, Masasi, mpaka Mtwara. Mji wenyewe umekaa kwa nafasi, barabara pana, kwa sababu ulipangwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ili uwe bandari ya ule mradi wao mkubwa wa karanga. Mradi ukafa, bandari yenye kina ikabaki. Pembeni kuna Mikindani, mji wa kale wa Waswahili ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Upepo wa bahari upo, Julai watu wanalala na shuka moja, na hospitali ya rufaa ya kanda ipo pale pale Mitengo. Kwa mume wangu kulikuwa na jambo jingine: msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba hela inapoingia vijijini, watu wananunua simu, na simu zikinunuliwa zinaharibika.

Kwenye mstari wa kazi yangu tuliandika sifuri. Kwenye umbali wa kwa mama tukaandika siku mbili kwa basi, kulala Songea.

Tukachagua Mtwara. Ilikuwa mwaka 2022.

Joto nalo lina yake

Tulipanga vyumba viwili Chikongola, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mashine nilimwachia mdogo wangu wa kike. Siku ya kuikabidhi niliifuta vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto.

Julai ya kwanza ikapita hakulazwa hata siku moja. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni! Lakini ngoja. Ikaja Desemba. Joto la Mtwara la Desemba mpaka Machi, na unyevu wake, linakukamua. Mume wangu anashinda kibandani, anasahau kunywa maji, jasho linamtoka. Damu ya mtu wa sikoseli haitaki kukaukiwa. Februari akapata malaria, na Mtwara ni kati ya mikoa ambayo malaria bado ni nyingi. Homa ikaleta maumivu, maumivu yakatupeleka wodini siku sita.

Usiku wa tatu wodini nilisema maneno ambayo mke hapaswi kusema. Nilisema, "Nimeacha mashine yangu, nimeacha mama yangu, na bado uko hapa!" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Njombe nililazwa mara tatu kwa msimu mmoja. Huku ni mara ya kwanza. Lakini kama unaumia, sema, tutarudi. Sitaki uniuguze kwa hasira."

Jamani, nilijiona mdogo. Ila kulisema lile jambo kulinisaidia. Siku ile ndipo nilipomwambia kwamba sikuwa nimekubali kuhama, nilikuwa nimejitoa sadaka tu, halafu nikasubiri nilipwe. Tukaanza upya, safari hii kwa kuongea.

Tulivyo sasa

Kibandani kuna chupa ya maji ya lita moja na nusu, na mimi nampigia saa sita kuuliza imebaki kiasi gani. Chandarua hakina mjadala. Kliniki na dawa zake hakosi hata akijisikia mzima. Bado hulazwa mara moja moja, sitaki kukudanganya kwamba joto limemponya. Limempunguzia mzigo, na hilo linatutosha.

Mimi nimenunua cherehani ya kawaida. Nashona sare, kaptula na sketi, maana watoto wa Mtwara nao wanakwenda shule, hawavai sweta tu. Kipato hakijafika cha Njombe. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, vitambaa vyangu na vioo vyake vya simu vilikwama huko, tukala ming'oko kwa dagaa na kucheka.

Mama alikuja mwaka jana. Alishuka kwenye basi amevaa sweta! Mume wangu akampokea mzigo, akamwamkia, mama akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Umenenepa, mwanangu." Usiku akaniambia sasa ameacha kununa.

Nanyi mkitaka kuhama

• Pimeni vinasaba kabla ya ndoa, na mjue hali zenu wote wawili.
• Nendeni mkalale huko kabla ya kuamua, hasa kwenye msimu mbaya. Sisi tulipaona Mtwara ya Julai tu, Desemba ikatushtua.
• Ulizeni hospitali iko wapi na njia ya kufika ikoje usiku.
• Wekeni akiba ya miezi sita, kodi kando.
• Anayeacha kazi yake aseme wazi anaacha nini. Kilichoachwa kimya kimya hudaiwa siku mbaya.

Mdogo wangu alinipigia wiki iliyopita. Oda za masweta zimemzidi, anaomba nije mwezi mmoja nimsaidie. Nimemwambia nitakuja Januari, Njombe ikiwa na mvua lakini si ile baridi ya kuuma. Mume wangu anataka twende wote. Tumeshaanza kufungasha soksi.