Utalii wa kudumu huanza kwa mwenyeji kujitambua

MSAFIRI atokaye Bungoma kwenda Kitale hupita Kiminini akiwa na Mlima Elgon upande wake wa kushoto. Eneo hili hujulikana zaidi kwa mahindi kuliko utalii, kwani kwa miaka mingi sura ya Kenya iliyouzwa ng'ambo imekuwa ya simba wa mbugani na fukwe za Pwani.

Si kwamba vivutio havipo. Katika Pango la Kitum, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotengwa mwaka 1968, ndovu huingia gizani kukwangua kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Karibu na Webuye iko ngome ya Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Uingereza mwaka 1895. Ngome hiyo ni sehemu ya historia ya taifa zima, sawa na mapambano mengine ya kupinga ukoloni.

Hapa ndipo utambulisho wa taifa unapohusiana na utalii endelevu. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwananchi anayeuona mlima, pango au ngome kuwa sehemu ya nafsi yake huvilinda hata msimu ambao wageni hawaji. Asipovihesabu kuwa vyake, huviachia serikali na wenye hoteli.

Hata hivyo, kujivunia utamaduni si kuuanika wote sokoni. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili. Mgeni anaweza kuvutiwa na ngoma na njuga za watahiriwa, lakini sherehe hiyo ni kiapo baina ya kijana na jamii yake. Wenyeji ndio wanaopaswa kuamua kipi kionyeshwe, kipi kisitiriwe, na malipo yamfikie nani. Wakinyimwa uamuzi huo, mila itageuka mchezo wa kuigiza.

Kisa cha Chepkitale, juu mlimani, kinatoa onyo zito zaidi. Mwaka 2000 ardhi hiyo ya Waogiek ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na wenyeji wakahesabiwa kuwa wavamizi katika makao ya mababu zao. Mnamo Septemba 2022, mahakama ya mazingira na ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba ardhi hiyo ni yao. Uhifadhi uliotumia jina la taifa ulikuwa umewasahau raia wa taifa hilo hilo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha utalii wa eneo hili, basi, kisiwe idadi ya magari yapitayo Kiminini pekee, bali pia kama mwenyeji amepona: amebaki na ardhi yake, heshima yake na sehemu ya mapato.