Miezi Mitatu ya Siri

Katika miji na vijiji vya mwambao wetu, tangu Mtwapa na Takaungu hata Malindi na Mambrui, mimba changa ni habari ya sitara. Mke humnong'oneza mumewe, pengine na mama mzazi, pengine na somo aliyemfunda, na wengine wote, hata mavyaa anayekaa naye ua mmoja, huachwa waione wenyewe tumbo litakapojitokeza; kwani inasemwa, na wasemao si wajinga, kwamba jambo lisilokomaa likitangazwa mapema huvuta jicho la husuda, na kwamba mwenye kuharibikiwa na mimba ambayo mtaa mzima umekwisha kuijua hubeba misiba miwili, wa kupoteza na wa kuulizwauliza. Desturi hii siibezi, maana ina heshima ndani yake na ina huruma. Ila uko mlango mmoja usiofaa kufungwa na siri hiyo, nao ni mlango wa kliniki; kwa sababu wiki zile zile ambazo desturi yataka mja mzito anyamaze ndizo zinazomfaa mno kwenda kupimwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Wakunga na madaktari hawahesabu tangu siku mimba ilipotunga, ambayo aghalabu haijulikani kwa yakini, bali tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo mwanamke aambiwapo kuwa mimba yake ina wiki 12, mtoto mwenyewe ana umri wa wiki 10 hivi. Waliosoma Suratul Muuminun chuoni watakumbuka daraja zilizotajwa humo, tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa na kuvikwa kwake nyama. Na mwisho wa mwezi wa tatu daraja hizo zimekwisha kupitwa. Kiumbe ana sentimita 5 au 6 kutoka utosini hata makalioni, urefu wa ndimu, na kwa udogo wake huo viungo vyake vikuu vyote vimekwisha kuwekwa mahali pake: moyo umekuwa ukipiga tangu kiasi cha wiki ya 6, vidole vimeachana, kucha zinaanza kuota, figo zinaanza kutoa mkojo. Anarusha mikono na miguu ndani ya maji ya chupa, lakini mama hasikii kitu. Mwenye mimba ya kwanza husubiri hata wiki ya 18 au ya 20 ndipo ahisi mwanawe anacheza, na aliyekwisha kuzaa hutangulia kidogo. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu kazi inayobaki ni ya kukua na kukomaa zaidi kuliko ya kuumbwa, na ndiyo sababu hatari ya mimba kuharibika hupungua sana wiki hizi zikipita. Na ndiyo sababu pia vileo, hata mnazi uliogemwa katika shamba la mtu mwenyewe, na dawa za kununua dukani bila ya kuuliza, havifai kabisa katika wiki za mwanzo.

Mama naye huanza kuona nafuu. Kichefuchefu, ambacho hufikia kilele chake kiasi cha wiki ya 9 au ya 10, huletwa kwa sehemu kubwa na homoni inayotolewa na kondo la nyuma linapojijenga, na homoni hiyo ikishapanda mpaka ukomo wake huteremka. Basi wanawake wengi, kati ya wiki ya 12 na ya 14, huamka asubuhi moja wakaona harufu ya vitunguu vikikaangwa haiwakimbizi tena jikoni, na sima iliyokuwa haipiti kooni inapita. Wako wanaotishika kwa nafuu hiyo, wakadhani mimba imekufa kwa kuwa imeacha kuwasumbua, na hofu hii nimeisikia kwa vinywa vya wanawake wengi. Lakini kichefuchefu kikitulia wakati huu, bila damu na bila maumivu, ni mwendo wa kawaida wa maumbile. Kwa ambaye bado anataabika, chai ya tangawizi husaidia, na kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia kuliko kungoja mlo mkubwa. Anayetapika hata maji hayakai tumboni, mkojo ukawa haba na wa rangi nzito, huyo asiambiwe avumilie, apelekwe hospitali akatiwe maji.

Kwenda haja ndogo mara kwa mara nako hupungua, kwa kuwa mfuko wa uzazi, uliokuwa umejificha ndani ya nyonga ukikibana kibofu, sasa unapanda juu yake. Choo kigumu, kiungulia, fizi kutoka damu akipiga mswaki, ute mweupe usio na harufu wala mwasho, haya yote ni ya kawaida na hayahitaji maneno mengi.

Linalohitaji maneno ni udongo. Hakuna aliyekulia pwani asiyejua jinsi ukuta wa nyumba ya udongo unavyonukia mvua ya kwanza inapoupiga, na jinsi mja mzito anavyozunguka nyuma ya jiko, akabangua kipande kwa ukucha, akakitia mdomoni kabla hajaonekana. Watafiti walipowauliza wajawazito 275 waliofika kliniki ya hospitali ya Kilifi, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, asilimia 56 walisema kuwa wanakula udongo daima, wengi wao ule wa kuta za nyumba, na kadirio la kawaida la mlaji mmoja lilikuwa gramu 41.5 kwa siku. Akina mama wenyewe waliuhusisha udongo na hali ya damu, na upungufu wake, na safura, na minyoo. Na katika kuuhusisha hawakukosea, kwani walipopimwa, walaji wa udongo ndio walioonekana kupungukiwa zaidi na damu na madini ya chuma. Udongo waweza kuyanasa madini hayo tumboni yasiingie mwilini, na ule uliokanyagwa na watu na kuku huchukua mayai ya minyoo. Basi tamaa hii si aibu wala si uchafu wa tabia, na mwenye nayo asigombezwe. Ni jambo la kumwambia muuguzi, ili damu ipimwe na dawa itolewe.

Dawa yenyewe ni kidonge cha kila siku, chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Hugeuza choo kikawa cheusi, jambo lisilo na madhara, na hupoteza nguvu kikimezwa kwa chai. Afadhali maji, na baada yake chungwa au embe. Mchicha, majani ya kunde, mtsunga, mbaazi na dagaa vyote vyafaa. Katika samaki nina neno moja la hadhari, nalo litawachukiza wapenzi wa papa mkavu: papa, na nduwaro wanaovuliwa bahari kuu ya Malindi, hukusanya zebaki katika nyama yao, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo miezi hii ni heri changu na tasi.

Na damu ikitajwa katika pwani hii, malaria haiwezi kuachwa. Vijidudu vyake hupenda kujificha katika kondo la nyuma, hata mama akawa hana homa, anatembea na kuuza sokoni, ilhali damu yake inaliwa na mtoto anakosa kukua. Hapa hapa Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwako tangu 1989, wanawake 1264 wenye mimba ya kwanza waliandikwa katika jaribio lililoanza mwaka 1996, baadhi yao wakapewa vidonge vya kinga ya malaria viitwavyo SP na wengine vidonge visivyo na dawa. Na matokeo yake, yaliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 1999, yalionyesha kuwa upungufu mkali wa damu uliwapata asilimia 14.5 ya waliopewa dawa, na asilimia 23.7 ya wasiopewa. Ushahidi uliotokana na damu ya mama zetu ni miongoni mwa uliozifanya nchi nyingi za Afrika kuwapa wajawazito dawa hiyo.

Nayo huanza lini? Huanza wiki ya 13, pale pale miezi mitatu inapokoma. Kabla ya hapo haitolewi, kwa kuwa hupingana na asidi ya foliki wakati ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinaumbwa. Baada ya hapo mama humeza vidonge 3 kwa mara moja mbele ya muuguzi, na kurudia kila baada ya mwezi mpaka kujifungua, isipokuwa anayetumia Septrini kila siku kwa ajili ya VVU. Anayefika kliniki mara ya kwanza mwezi wa sita, na ni wengi, amekwisha kuzikosa dozi mbili au tatu, na chandarua ambacho angepewa siku ya kwanza amekikosa usiku baada ya usiku. Jambo hili lanisikitisha kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu maarifa yalizaliwa mlangoni petu na sisi ndio tunaochelewa kuyafuata. Ama mwenye homa kabla ya wiki ya 13, apimwe siku hiyo hiyo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu dawa ya malaria ya artemetha-lumefantrini itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza.

Damu ikitoka, au tumbo likauma kwa nguvu, hasa upande mmoja, hapana kungoja asubuhi. Na kama mimba imeharibika, naomba wanaomzunguka mwanamke huyo wasimtafutie kosa. Nyingi katika zinazotoka miezi ya mwanzo zina kasoro iliyokuwamo tangu kutungwa, katika zile chembe zichukuazo urithi wa wazazi. Haikuwa ndoo ya maji aliyojitwika, wala safari ya bodaboda, wala jicho la jirani.

Yule anayeogopa kuwa kliniki itamtoa siri na ajue kuwa wauguzi wamefungwa na amana, na kwamba hakuna katazo la kwenda zahanati ya mtaa wa pili. Mume amsaidie nauli, hasa wa Ganze na Magarini ambako mwendo ni mrefu, na akiweza aende naye. Huko atavutwa kope ya chini kuangaliwa damu, atachomwa kidoleni, atapimwa shinikizo, mkojo, kundi la damu, kaswende na VVU, apewe kitabu cha mama na mtoto. Na mkunga atamlaza chali, aweke ubavu wa mkono juu kidogo ya kinena, na hapo, kwa mara ya kwanza, atauhisi mfuko wa uzazi ukichomoza. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ni kuonana na mhudumu mara 8, ya kwanza kabla ya kutimia wiki 12. Ya pili ni wiki ya 20, na kufikia wakati huo mfuko utakuwa umepanda hata kitovuni, na hata mavyaa atakuwa ameona.