Tusikilize Benga ya Zamani

Wanafunzi wenzangu, hapa Kaloleni mtu akifungulia benga ya zamani, vijana husema, "Aa, hizo ni za wazee!" Mimi nasema hatujazisikiliza vizuri.

Benga ilivuma miaka ya 1960 na 1970 huku kwetu ziwani. Wapiga gitaa waliiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Basi usifuate mwimbaji peke yake. Fuata gitaa: yeye akisema, gitaa humjibu. Kisha waimbaji hunyamaza, gitaa hushika usukani na mwendo huchangamka. Hapo ndipo utamu ulipo.

Na mbona nyimbo nyingi zina sehemu ya kwanza na ya pili? Santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hivyo wimbo ulikatwa katikati, santuri ikageuzwa.

Maneno nayo yana uzito. D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliitwa Mfalme wa Historia. Alisimulia mambo ya watu na siasa kwa mafumbo. Misiani alifariki mwaka 2006. Santuri zinakwaruzika, na wanaoyajua mafumbo yale wanazidi kupungua. Sisi wengine hata Dholuo chenyewe twakijua nusu nusu!

Shime basi, leo jioni muulize babu au nyanya, "Wimbo huu ulikuwa unamsema nani?" Kuuliza si ujinga.